Travis Hunter au Ashton Jeanty: wewe ungempa nani Heisman ya 2024?

Tarehe 14 Desemba 2024, ukumbini Lincoln Center jijini New York, Travis Hunter wa Chuo Kikuu cha Colorado alitangazwa mshindi wa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani, kwa pointi 2,231. Ashton Jeanty wa Boise State alibaki na 2,017. Pengo hilo la pointi 214 lilikuwa dogo kuliko yote tangu 2009, mwaka ambao Mark Ingram wa Alabama alimpita Toby Gerhart wa Stanford kwa pointi 28 tu. Sanamu ya shaba imeshapata mwenyewe, lakini ukiwataja wawili hawa mbele ya wapenzi wa futiboli ya Marekani, ubishi unaanza upya: hivi yule kijana wa Boise hakuonewa?

Waliobishana hadi usiku wa manane kuhusu Rodri na Vinícius Júnior na Ballon d'Or, Oktoba ya mwaka huohuo, hawahitaji kuelezwa sana. Upande mmoja yupo mtu ambaye takwimu zake zinajieleza zenyewe. Upande wa pili yupo mtu ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ni mambo ambayo hayakutokea: pasi haikupigwa, mpira haukufika. Naweka hoja za wote wawili hapa, na mwishoni nitakuambia kura yangu ingekwenda wapi. Ukiondoka na jibu jingine, hatutagombana.

Kura zenyewe

Heisman ilianza 1935, na mshindi wa kwanza alikuwa Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago. Hutolewa kila mwaka kwa mchezaji mmoja tu wa futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani. Wapiga kura wengi ni waandishi na watangazaji wa michezo, 870 kwa jumla, waliogawanywa katika kanda 6 zenye watu 145 kila moja. Wanaongezewa washindi wa zamani walio hai, na kura moja ya mashabiki. Kila karatasi ina majina matatu: wa kwanza hupata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1.

Mambo mawili ya kukumbuka. Kura hupigwa kabla ya mechi za mwisho wa mwaka na mchujo wa ubingwa, kwa hiyo lolote lililotokea baada ya hapo halihesabiki. Pia hakuna kanuni inayosema mshindi lazima atoke timu iliyoshinda sana. Paul Hornung wa Notre Dame aliichukua 1956 huku timu yake ikiwa imeshinda mechi 2 na kupoteza 8.

Hizi ndizo namba ambazo wapiga kura walikuwa nazo mkononi (tachidauni ni bao la kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani):

| | Travis Hunter (Colorado) | Ashton Jeanty (Boise State) |
|---|---|---|
| Kazi yake | Mdakaji wa pasi na pia beki wa pembeni | Mkimbiaji anayebeba mpira |
| Mechi | 12 | 13 |
| Rekodi ya timu | 9–3 | 12–1 |
| Akishambulia | Pasi 92 alizodaka, yadi 1,152, tachidauni 14 | Mara 344 alizobeba mpira, yadi 2,497, tachidauni 29 |
| Akilinda | Pasi 4 alizonyakua, 11 alizozivunja | Hachezi ulinzi |
| Tuzo nyingine | Biletnikoff, Bednarik, Walter Camp | Maxwell, Doak Walker |
| Kura za nafasi ya kwanza | 552 | 309 |

Jeanty: kila mtu anajua mpira unakuja kwake

Nianze na Jeanty kwa sababu kesi yake ni rahisi kuieleza hata kwa mtu ambaye hajawahi kuutazama mchezo huu. Timu inapewa nafasi nne za kusogeza mpira yadi 10. Ukiwa na mtu anayekupa zaidi ya yadi 7 kila anapoubeba, huhitaji hesabu nyingi. Jeanty alikuwa akitoa wastani wa 7.3, na si kwa kubeba mpira mara chache akivizia mapengo. Alibeba mara 344.

Hapo ndipo ugumu wa kazi yake ulipo. Wapinzani wa Boise walijua kabla ya mechi kwamba mpira utakwenda kwa Jeanty. Walijaza watu karibu na mstari, wakamsubiri, na bado. Ukitazama mikanda yake utaona kitu kimoja kinachojirudia: kabla ya mpira kutolewa anasimama wima kabisa, mikono chini, kama mtu anayesubiri daladala. Halafu wa kwanza anamgonga, anabaki amesimama. Wa pili anamshika kiuno, anaendelea kusogea. Ni mfupi, mzito, na miguu haiachi kukanyaga hata akiwa amebebwa na watu wawili. Yadi zake nyingi alizipata baada ya kuguswa, yaani baada ya ule wakati ambapo mkimbiaji wa kawaida huwa tayari yuko chini.

Msimu aliufungua kwa yadi 267 na tachidauni 6 dhidi ya Georgia Southern. Washington State aliwapiga yadi 259 na tachidauni 4. Kwenye fainali ya ligi yao ya Mountain West dhidi ya UNLV, mechi ambayo ushindi wake ndio ulioipa Boise tiketi ya kuingia mchujo wa timu 12, alikimbia yadi 209. Hakuna mechi hata moja aliyoshuka chini ya 100. Kuna mechi alizowekwa benchi kipindi chote cha pili kwa sababu matokeo yalikuwa yamekwisha kuamuliwa; dhidi ya Utah State alikuwa na yadi 186 kufikia mapumziko, akavua kofia.

Wanaompinga wana hoja moja kubwa: Mountain West si ligi ngumu. Ni kweli. Tangu Ty Detmer wa BYU mwaka 1990, hakuna mchezaji kutoka nje ya ligi kubwa aliyechukua Heisman, na sababu ni hiyohiyo kila mwaka. Lakini mimi huwauliza watu hao wanafanya nini na mechi ya Oregon. Tarehe 7 Septemba 2024 Boise walikwenda Eugene kucheza na Oregon, timu ambayo baadaye ilimaliza msimu bila kupoteza na kuingia mchujo ikiwa namba moja. Jeanty alikimbia yadi 192 na kufunga tachidauni 3, moja kwa mbio ya yadi 70. Boise walipoteza 37–34 kwa mpira uliopigwa kwa mguu sekunde ya mwisho, na Oregon walipata tachidauni mbili kwa kurudisha mipira iliyopigwa mbali, wakati ambao Jeanty hayumo hata uwanjani. Kama ligi dhaifu ndiyo iliyomtengeneza, siku ile Oregon wangemfichua.

Hoja ambayo inamwumiza zaidi, nami naiona nzito kuliko ya ligi, ni ile ambayo mashabiki wake wenyewe huitanguliza: rekodi ya Barry Sanders. Mwaka 1988 Sanders wa Oklahoma State alikimbia yadi 2,628 msimu mmoja, rekodi ambayo haijavunjwa hadi leo, na mwaka huo alipewa Heisman. Jeanty alikuwa akiikaribia, ndiyo maana kila wiki televisheni zilikuwa na kihesabio. Sasa tazama: Sanders aliipata kwa mechi 11, akibeba mpira mara 344. Jeanty, siku kura zinapigwa, alikuwa amecheza mechi 13 na amebeba mara 344. Idadi ileile kabisa, na yadi 131 pungufu. Tena enzi za Sanders mechi ya mwisho wa mwaka haikuhesabiwa kwenye rekodi. Kwa hiyo ukimpigia Jeanty kura, mpigie kwa alichokifanya 2024. Ukimlinganisha na Sanders unamshusha bila sababu.

Hunter: mtu mmoja, mishahara miwili

Mchezo huu una timu mbili ndani ya timu moja. Wachezaji 11 wanashambulia. Mpira ukigeuka, wanatoka wote na kuingia wengine 11 wa kulinda. Mechi imekatwakatwa katika mikupuo mifupi ya sekunde chache, na mchezaji wa kawaida hucheza mikupuo 60 au 70, kisha anakaa benchi na kupewa maji. Hunter hakuwa anakaa. Alidaka pasi upande huu, mpira ukageuka, akabaki uwanjani kumkaba mdakaji wa wapinzani. Kwa mechi 12 alicheza zaidi ya mikupuo 1,300, maana yake zaidi ya 100 kwa mechi. Na uwanja wao wa nyumbani, Folsom Field mjini Boulder, uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari.

Watu husema jambo hili halijawahi kuonekana. Si sahihi sana. Kabla ya sheria ya kubadilisha wachezaji kulegezwa miaka ya 1960, kucheza pande zote mbili lilikuwa jambo la kawaida, na washindi wengi wa Heisman wa mwanzo walifanya hivyo. Kocha wake mwenyewe, Deion Sanders, aliwahi kuwa beki wa pembeni na mdakaji pia katika ligi ya kulipwa, ingawa upande wa ushambuliaji hakuutumikia kwa kiasi hiki. Kwa hiyo ajabu peke yake mimi hainishawishi. Mtu anaweza kufanya kazi mbili vibaya na bado akawa kioja.

Ninachouliza ni hiki: ukimkata katikati, kila nusu ina thamani gani?

Nusu ya kwanza, mdakaji. Pasi 92, yadi 1,152, tachidauni 14. Nusu hii ilimpa tuzo ya Biletnikoff, ya mdakaji bora wa nchi nzima. Katika mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida, Colorado wakiwafunga Oklahoma State 52–0, alidaka tachidauni 3 na kunyakua pasi moja ya wapinzani mchana uleule. Hapa sina ubishi na mtu.

Nusu ya pili, beki, ndiyo yenye utata. Alipewa Bednarik, tuzo ya mlinzi bora kuliko wote. Lakini tuzo ya Jim Thorpe, ambayo ni ya mabeki wa nyuma peke yao, ilikwenda kwa Jahdae Barron wa Texas. Yaani jopo moja lilimwona mlinzi bora wa vyuo vyote, na jopo jingine halikumwona bora hata katika nafasi yake. Pasi 4 alizonyakua ni nzuri, ila si za kutisha. Anayemtetea atakwambia kwamba makotabeki, yaani warusha pasi, waliacha kutupa mpira upande wake, na hii ni kweli ya mabeki wote wazuri: ukiwa hatari, unanyimwa kazi, na takwimu zinakauka. Mimi naamini hivyo pia, lakini nakiri ni hoja ambayo haiwezi kuwekwa kwenye jedwali, na ndiyo maana Charles Woodson wa Michigan bado ndiye mlinzi pekee aliyewahi kushinda Heisman, 1997, alipompita kotabeki Peyton Manning.

Kama unataka kumwona Hunter mlinzi kwa karibu, tafuta mechi ya Baylor ya tarehe 21 Septemba. Colorado walikuwa nyuma 31–24. Shedeur Sanders, mtoto wa kocha, akarusha pasi ndefu ya kubahatisha sekunde ya mwisho, LaJohntay Wester akaidaka, mechi ikaenda muda wa ziada. Colorado wakafunga kwanza. Baylor wakapata zamu yao, wakasogea hadi mlangoni, na mkimbiaji wao akawa anaivuka ile hatua ya mwisho. Hunter akatokea pembeni, akamgonga pale kwenye mpira, mpira ukachomoka mikononi na kuishia nje ya eneo la mwisho. Mechi imekwisha, 38–31. Kumbuka kwamba huyu ni mtu aliyekuwa amekimbia mechi nzima pande zote mbili. Mdakaji mwingine yeyote nchini, dakika ile, alikuwa benchi anaomba dua.

Dhidi yake kuna mambo matatu. Colorado walipoteza mechi 3, na moja kati ya hizo, kwa Kansas, ilionyesha mpaka wa uwezo wake: alidaka yadi 125 na tachidauni 2, lakini mkimbiaji wa Kansas, Devin Neal, alipita katikati kwa zaidi ya yadi 200 na beki wa pembeni hana la kufanya na hilo. Pili, aliumia bega dhidi ya Kansas State, akakosa kipindi cha pili, na timu ikapoteza 31–28. Ukitaka unaweza kuisoma kama ushahidi wa thamani yake. Wengine wanaisoma kama gharama ya kumchosha mtu mmoja. Tatu, kamera. Deion Sanders akiwa kocha, mechi za Colorado zilionekana kila mahali na saa nzuri, wakati mechi nyingi za Boise zilianza wakati wapiga kura wa New York na Florida wameshapanda kitandani. Jeanty alilazimika kuwa bora zaidi ili tu atazamwe. Sidhani kama hilo peke yake ni la pointi 214, lakini si sifuri.

Unachagua kwa kigezo gani?

Kama kwako mchezaji bora ni yule ambaye ukimwondoa timu inaanguka, chagua Jeanty na usisikilize kelele. Colorado bila Hunter wangebaki na Shedeur Sanders na wadakaji wengine wazuri. Boise bila Jeanty ni timu ya kawaida ya Mountain West inayocheza kwenye nyasi zake za buluu. Matokeo ya timu pia yanamwelekea yeye: bingwa wa ligi, mechi moja tu iliyopotea, na hiyo dhidi ya namba moja.

Kama unachopima ni kiasi cha kazi ngumu kilichofanywa kwa kiwango cha juu, ni Hunter. Hapa watu hufanya kosa la kujumlisha namba zake za pande mbili na kuzilinganisha na yadi za Jeanty, wanaona hazifiki, basi. Yadi moja ya mkimbiaji na pasi moja iliyovunjwa haziko kwenye mizani moja. Swali linalofaa ni nafasi ngapi alizozijaza kwa kiwango cha kuwania tuzo ya nchi nzima. Jeanty alijaza moja, kikamilifu. Hunter alijaza moja kikamilifu na ya pili karibu sana. Hata ukinunua hoja ya jopo la Thorpe kwamba kama beki hakuwa namba moja, bado unabaki na mdakaji bora wa mwaka ambaye kwa kazi yake ya ziada ni beki ambaye timu yoyote ingemwanzisha.

Kama unatazama nani ataendelea vizuri kwenye ligi ya kulipwa, hilo si la Heisman. Jacksonville Jaguars walimchukua Hunter wa 2 kwenye uteuzi wa 2025, na Las Vegas Raiders wakamchukua Jeanty wa 6, lakini tuzo hii inaangalia Agosti hadi mwanzoni mwa Desemba tu. Kwa sababu hiyohiyo siwasikilizi wanaotumia Fiesta Bowl, mechi ya mchujo ambapo Penn State waliwafunga Boise 31–14 na kumbana Jeanty kwa yadi 104 alizozipata kwa kubeba mpira mara 30. Alimaliza na 2,601, yadi 27 tu chini ya Barry Sanders. Ilikuwa Desemba 31, kura zilishahesabiwa. Na wanaotaka kuitumia wakumbuke kwamba Colorado nao walichapwa 36–14 na BYU siku chache kabla.

Kura yangu: wa kwanza Hunter, wa pili Jeanty, na ningetumia dakika nyingi zaidi juu ya pengo kati yao kuliko waandishi wengi walivyotumia. Kilichoniamulia ni mikupuo ile ya ziada. Jeanty alifanya kazi yake vizuri kuliko mtu yeyote tangu 1988, na mwaka mwingine wowote wa karibuni ningempa bila kufikiri. Derrick Henry, mkimbiaji wa mwisho kushinda, mwaka 2015, hakuwa na msimu mzuri kuliko huu. Ni bahati mbaya tu amekutana na mtu aliyekuwa akifanya kazi mbili.

Nafasi ya tatu ndiyo ningetofautiana na wengi. Wao walimpa Dillon Gabriel wa Oregon, pointi 516, kwa sababu timu yake haikupoteza. Mimi ningempa Cam Ward wa Miami, aliyeishia wa nne kwa 229. Ward aliongoza nchi kwa tachidauni za pasi, 36 katika msimu wa kawaida, huku ulinzi wa timu yake ukivuja kila wiki na kumlazimisha afunge tena na tena ili tu wabaki kwenye mechi.